Mtoto wa Mlevi ni wa Nani?

*Sheria ya Kongo inampa hakimu uwezo wa kumvua mzazi mamlaka juu ya mtoto wake. Mjini Lubumbashi, ambako lutuku hupikwa uani na mashauri ya familia humalizwa chini ya mwembe, uwezo huo unavutana na ukoo, tiba na kanisa.*

LUBUMBASHI, Haut-Katanga – Kabla jua halijakolea, komini ya Katuba imeshaamka. Wanafunzi wa shule ya msingi, shati jeupe na kaptula ya buluu, wanaelekea darasani. Wapo wengine wa rika lao wanaoshika njia nyingine, chupa tupu ya plastiki mkononi, hadi kwenye parseli, yaani kiwanja, ya mama mpishi wa pombe. Uani pipa liko motoni. Bomba limepitishwa ndani ya maji baridi, na kinachodondoka upande wa pili ni lutuku, pombe kali ya mahindi isiyo na rangi. Mtoto analipa, chupa inajazwa, anarudi kwa aliyemtuma.

Aliyemtuma mara nyingine ni jirani. Mara nyingine ni baba yake au mama yake.

Hakuna anayeshangaa. Majirani wanaijua nyumba ile: wanajua siku ambazo bukari, yaani ugali, haikusongwa, wanajua mtoto yupi alilala nje kwa sababu mlango haukufunguliwa. Shefu wa avenyu, kiongozi wa mtaa, anajua pia. Ambalo halijulikani sana ni wakati gani jambo la nyumba ya mtu linageuka kuwa jambo la dola, na likishageuka, hakimu afanye nini. Amwache mtoto pale pale? Amhamishe kwa muda? Au amwondolee mzazi haki yake yote?

Maneno ya sheria

Katiba ya 18 Februari 2006 imeligusa suala hili katika vifungu viwili vinavyofuatana. Kifungu cha 40 kinasema kuwatunza na kuwalea watoto ni haki na pia wajibu wa wazazi, nao hutekeleza hayo chini ya mamlaka ya dola na kwa msaada wake. Kifungu cha 41 kinakataza kumtelekeza na kumtesa mtoto, na kuibebesha serikali jukumu la kuwalinda watoto walio katika hali ngumu.

Mamlaka na msaada vimeandikwa ndani ya sentensi moja. Mvutano wote wa Lubumbashi unaanzia hapo, kwa kuwa kutoa amri hakugharimu kama kutoa msaada.

Sheria ya Familia ya 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa Julai 2016, inamweka mtoto mdogo chini ya mamlaka ya pamoja ya baba na mama. Sheria hiyo hiyo inaeleza jinsi mamlaka hayo yanavyoweza kuondolewa, yote au sehemu. Mzazi anayemtesa mtoto, anayetumia vibaya nafasi yake, mwenye mwenendo mbaya unaojulikana na wote, au anayezembea hadi kuhatarisha afya, usalama au maadili ya mwanawe, anaweza kuvuliwa. Ulevi na dawa za kulevya huingia mahakamani kupitia maneno hayo ya mwisho: mwenendo na uzembe.

Kisha ipo Sheria ya Ulinzi wa Mtoto ya 10 Januari 2009. Kabla yake, mtoto wa barabarani alitazamwa kupitia dekreti ya kikoloni ya 6 Desemba 1950, ambayo kichwa chake kilizungumzia watoto wahalifu. Sheria ya 2009 iligeuza macho. Mtoto aliyetupwa, anayezembewa au anayeishi mahali panapohatarisha afya na maadili yake anaitwa mtoto aliye katika hali ngumu, naye anastahili ulinzi wa pekee. Afisa wa ustawi wa jamii anaweza kumpeleka kwenye familia nyingine au kwenye kituo kilichoidhinishwa, kisha hakimu anajulishwa na kutoa uamuzi.

Sheria hiyo ndiyo iliyozaa mahakama za watoto, na dekreti ya Januari 2011 ikapanga makao yake. Katika ngazi ya kwanza hakimu huketi peke yake. Kwenye chumba cha rufaa huketi mahakimu watatu. Milango hufungwa, na jina la mtoto halitangazwi.

> Katiba imeweka mamlaka ya dola na msaada wa dola ndani ya sentensi moja.

Kwenye karatasi, basi, njia ipo. Taarifa inatoka kwa jirani, mwalimu au shangazi, inafika kwenye ofisi za Masuala ya Kijamii, zinazojulikana mjini kama DIVAS, au kwenye parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka, na kutoka huko inafika kwa hakimu. Lakini kabla hakimu hajamvua mtu uzazi wake, inabidi uzazi wenyewe uthibitishwe. Uchunguzi wa kitaifa wa 2017-2018 ulikuta watoto 4 tu kati ya 10 walio chini ya miaka 5 wamesajiliwa. Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa anahitaji kwanza hukumu ya kuziba pengo hilo, nayo hutolewa na mahakama hiyo hiyo ya watoto.

Baba aliyeitwa Kampuni

Ulevi wa Lubumbashi hauelezeki bila historia ya mji wenyewe. Mji ulizaliwa 1910 kwa jina la Élisabethville, ukiwa mji wa shaba. Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa 1906, iliona kwamba kuwaleta vibarua wa muda kila mara ni hasara. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 ikaamua kuwaweka wafanyakazi kambini pamoja na wake zao na watoto wao.

Kambini kila kitu kilitoka juu. Posho ilipimwa kulingana na ukubwa wa familia, watoto wachanga walipimwa uzito, wake walifundishwa kushona, shule ilikuwa ya kampuni na hospitali ilikuwa ya kampuni. Mfanyakazi aliheshimiwa nyumbani kwa sababu jina lake liliandikwa kwenye daftari la kazi. Kampuni ilitaifishwa 1967 na baadaye ikaitwa Gécamines, lakini mazoea yalibaki: wafanyakazi waliitegemea kama mtoto anavyomtegemea baba.

Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1994 hazikufika 40,000. Mishahara ikachelewa kwa miezi, halafu kwa miaka. Mnamo 2003 na 2004, kwa mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi 10,655 waliondoka kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Wengi wao wakaanzisha vyama vya kudai haki zao, na madai hayo yakaendelea kwa miaka.

Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi aliandika kitabu kizima kuhusu familia hizo. Kilichapishwa 2001 kwa Kifaransa, na jina lake linazungumza juu ya Bana Shaba, yaani watoto wa Shaba, walioachwa na baba yao. Anaonyesha jinsi mamlaka ya baba yalivyopungua pale mshahara ulipokauka na mke na watoto wakawa ndio wanaoleta chakula kwa biashara ndogo ndogo. Baba aliyekuwa na kauli alibaki na kiti tu.

Si kila baba wa namna hiyo aliangukia chupani. Lakini hakimu anapomwona mbele yake mzee aliyelewa, mara nyingi anaona mwisho wa njia ndefu ambayo sheria ya familia haina safu ya kuiandika.

Pipa linalolisha, pipa linaloua

Lutuku ina sura ya pili. Mama anayepika mara nyingi anapika kwa sababu hiyo ndiyo kazi iliyobaki. Mahindi yanapatikana, pipa linakodishwa, wateja hawakosi. Kwa pesa hiyo analipa kodi ya nyumba na sare za shule. Elimu ya msingi ya serikali ilitangazwa kuwa ya bure mwaka 2019, ila daftari, viatu na minervali, yaani karo, ya sekondari bado vinadaiwa.

Kwa hiyo nyumba moja inasimama kwa pipa, na ya jirani inaanguka kwa pipa hilo hilo. Kuvunja mapipa, jambo ambalo polisi wamelifanya tangu enzi za wakoloni, kunamwachia mlevi kiu yake na kumnyima mpishi chakula cha watoto wake.

Kinywaji chenyewe hakina kipimo. Kileo kinachotoka mwanzo wa mtambo si sawa na kinachotoka mwisho, na asiyejua kutenganisha anaweza kumuuzia mteja sumu inayoharibu macho au kuua. Nchi za Afrika Mashariki zimejaribu njia tofauti. Kenya, kwa sheria ya 2010 ya kudhibiti vileo, iliihalalisha chang'aa ili iweze kukaguliwa. Tanzania ilipiga marufuku pombe kali ya vifuko, viroba, kuanzia 1 Machi 2017. Hatua zote mbili zililenga chupa, zikamwacha aliyekwisha kuwa mraibu.

Nayo pombe haiko peke yake. Bangi huvutwa mitaani na machimboni. Mwaka 2021 Kinshasa ilishtushwa na bombé, mchanganyiko uliotiwa unga wa kifaa cha kusafishia moshi wa magari, na polisi wakakamata watu kadhaa kwa kuuza na kutumia. Miongoni mwa waraibu hao wapo wenye watoto.

Upande wa kwanza: mtoto hana muda

Wanaotaka mahakama itumie uwezo wake bila kusitasita wana hoja nzito. Mtoto wa miaka 2 anayesubiri miaka 2 ili mama yake aache pombe amesubiri nusu ya maisha yake. Miaka hiyo ndiyo anayojifunza nani wa kumkimbilia akilia. Utapiamlo wa wakati huo hauponi wote baadaye, na hofu ya usiku wa ngumi nayo haisahauliki kirahisi.

Wanaongeza kwamba mtoto asipoondolewa kwa amri, ataondoka kwa miguu yake. Shirika la Human Rights Watch lilichapisha Aprili 2006 ripoti kuhusu watoto wa mitaani nchini Kongo, na Lubumbashi ilikuwa miongoni mwa miji iliyotembelewa. Watoto walieleza kupigwa na kunyimwa chakula nyumbani, kisha kukutana barabarani na wakubwa wanaowaibia na askari wanaowatesa. Yule ambaye jana alitumwa chupa anaweza kuwa kesho analala kwenye baraza la duka mjini, akinusa gundi ili asisikie njaa.

Wapo pia wanaotetea hukumu kwa sababu ya usalama wake wa kisheria. Bibi anayemlea mjukuu bila karatasi yoyote hana silaha siku mzazi anapokuja amelewa na kumdai mtoto. Shule inamtambua nani? Hospitali inachukua saini ya nani? Amri ya hakimu ingemaliza ubishi huo.

Upande wa pili: huyu ni mgonjwa

Lubumbashi ina kituo cha afya ya akili kinachoitwa Joseph Guislain, cha Mabruda wa Upendo, kilichopewa jina la daktari wa Ghent wa karne ya 19 aliyepigania wagonjwa wa akili watendewe kama watu. Kwa tiba ya namna hiyo, utegemezi wa pombe ni ugonjwa wenye nafasi yake katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani. Mgonjwa huanguka na kuinuka, na kuanguka tena hakumaanishi kwamba tiba imeshindwa.

Hapo lugha ya daktari na ya sheria zinagongana. Sheria inauliza kuhusu mwenendo mbaya. Daktari anauliza ni tangu lini, kiasi gani, na nini hutokea mgonjwa akikosa kinywaji. Swali hilo la mwisho ni la uhai. Mtu aliyekunywa sana kwa miaka akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege, kuchanganyikiwa na hata kufa. Hakimu anayemwambia mzazi aache pombe leo kama anamtaka mtoto wake, bila kumpeleka kwa daktari, anaweza kuwa ametoa amri ya hatari bila kujua.

> Mnywaji wa miaka mingi akikatishwa pombe ghafla anaweza kupata degedege na kufa.

Wenye mtazamo huu wanaikumbusha serikali ahadi zake. Kongo iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto Septemba 1990. Kifungu cha 9 kinataka mtoto asitenganishwe na wazazi wake bila uamuzi wa mamlaka halali unaoweza kupitiwa na mahakama, na iwe tu pale maslahi yake yanapolazimu. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya 2009 kuhusu malezi mbadala inasema umaskini peke yake kamwe usiwe sababu ya kumwondoa mtoto nyumbani.

Katika mji ambao njaa na ulevi hukaa nyumba moja, kuvitenganisha si kazi rahisi. Mtoto amekonda kwa sababu mama anakunywa, au mama anakunywa akiwa tayari hana cha kumpa? Uchunguzi wa dakika chache hauwezi kujibu hilo.

Mjomba, shangazi na wazee

Wengi mjini wangeshangaa kusikia kwamba uamuzi huu ni wa hakimu. Kwa kawaida mtoto wa mlevi huhamishwa na ndugu. Shangazi anakuja na mfuko, anakusanya nguo, na mtoto anaanza shule katika komini ya Ruashi badala ya Katuba. Hakuna karatasi wala tarehe ya kurudi.

Nani ana kauli hutegemea asili ya familia. Kwa Wabemba na Walamba wa kusini mwa Katanga, wanaohesabu ukoo kwa upande wa mama, mjomba ana neno kubwa kuliko baba. Kwa Waluba wanaohesabu kwa baba, mahari ikishatolewa mtoto ni wa upande wa baba, na mama mlevi anaweza kurudishwa kwao akiwa mikono mitupu. Lubumbashi imeoanisha mila hizo zote, na ndoa ikivunjika kila upande unakuja na sheria yake.

Uzuri wa ukoo ni kwamba haumvui mtu kitu. Baba akipona, anarudi mezani. Mama akitulia, anapelekewa mtoto Jumapili. Udhaifu wake ni kwamba hakuna anayekagua. Mtoto aliyechukuliwa na ndugu anaweza kulelewa kama wengine, au akawa mtumishi wa nyumba: anaamka wa kwanza kuchota maji na kula wa mwisho. Na mzigo huu hubebwa zaidi na bibi, mara nyingi mjane, ambaye naye analishwa na watoto wengine.

Pepo la pombe

Makanisa ya maombi yameenea katika kila komini. Kwa waumini wengi, ulevi ni pepo au ni kazi ya mtu. Wapo waliopata nguvu ya kuacha kupitia maombi na kundi la waumini linalowatembelea, na hilo halipaswi kubezwa: mtu anayeacha pombe anahitaji watu wapya wa kukaa nao jioni.

Hatari inakuja pale anapotafutwa wa kulaumiwa. Baba amepoteza kazi, anakunywa, nyumba imeharibika, na kidole kinaelekezwa kwa mtoto: yeye ndiye mchawi aliyefunga riziki. Hapo mzazi mwenye tatizo anageuka kuwa mlalamikaji, na mtoto mwenye haki ya kulindwa anageuka kuwa mshtakiwa. Katiba inakataza tuhuma hizo, na sheria ya 2009 inamwadhibu anayemtuhumu mtoto uchawi kwa kifungo cha mwaka 1 hadi 3 na faini. Mtoto aliyefukuzwa kwa sababu hiyo ameshakatwa na wazazi wake, na hakuna hakimu aliyesikiliza shauri lake.

Baadhi ya watoto hao hufika Bakanja-Ville, kituo cha Wasalesiani wa Don Bosco katikati ya mji. Wasalesiani waliingia Élisabethville 1911 kufundisha ufundi. Leo wana mlolongo wa nyumba za kuwapokea watoto wa barabarani, na Bakanja-Magone ni mojawapo. Kazi yao ni pamoja na kuitafuta familia na kupatanisha. Kwa mtazamo wao, kituo ni njia ya kupita, na mtoto akipata ndugu wa kumpokea, arudi.

Kumbukumbu ya kuchukuliwa

Kuna sababu nyingine inayowafanya Wakongomani wauogope mkono wa dola juu ya mtoto. Enzi za Wabelgiji, serikali iliwachukua watoto waliozaliwa na mama Mwafrika na baba mzungu, ikawapeleka kwenye misheni mbali na mama zao. Karatasi zilidai ni watoto walioachwa. Waziri mkuu wa Ubelgiji Charles Michel aliomba radhi Aprili 2019. Kisha 2 Desemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Brussels iliamua kwamba Ubelgiji ilitenda uhalifu dhidi ya ubinadamu kwa kuwateka wanawake watano, waliochukuliwa wakiwa wadogo na kupelekwa misheni ya Katende huko Kasai. Iliamuru kila mmoja alipwe euro 50,000.

Jeraha jingine ni jipya zaidi. Septemba 2013 Kongo ilisimamisha vibali vya kutoka nchini kwa watoto walioasiliwa na wageni, kwa hofu ya udanganyifu. Baadaye ikajulikana kwamba watoto wa eneo la Gemena, ambao wazazi wao waliambiwa wanakwenda kambi ya likizo, waliishia kuasiliwa Ubelgiji.

Mzazi akivuliwa mamlaka, kizuizi kimoja cha mtoto kuasiliwa na watu wengine kimeondoka. Kwa hiyo familia inapokataa kutia saini fomu ya afisa wa serikali, huenda haikatai msaada. Inakumbuka.

Marekani ilikimbia, London ilisubiri

Kwa swali hilo hilo la lini mzazi avuliwe haki, Marekani ilichagua saa. Sheria ya 1997 inaitaka serikali ya jimbo ifungue kesi ya kumvua mzazi haki zake kama mtoto amekaa chini ya malezi ya serikali kwa miezi 15 kati ya 22, isipokuwa kwa sababu maalumu. Lengo lilikuwa jema: mtoto asizeeke akihamahama. Lakini tiba ya uraibu haifuati saa hiyo, na foleni ya kuingia kwenye kituo inaweza kula miezi ya mwanzo. Baadhi ya majimbo, California ikiwemo, baadaye yalilazimika kutunga sheria za kurudisha haki hizo kwa watoto ambao hawakupata familia mpya.

London ilijaribu njia nyingine mwaka 2008. Hakimu Nicholas Crichton alianzisha mahakama ya familia kwa wazazi wenye tatizo la pombe na dawa za kulevya. Mzazi anaonana na hakimu yule yule kila baada ya wiki mbili, bila wakili kumsemea. Timu ya wataalamu wa uraibu, watoto na makazi inaketi pamoja, na vipimo vinaonyesha kama anasema kweli. Akishindwa, mtoto anatafutiwa makao mengine, naye anajua kwa nini. Mfano huo ulienea hadi maeneo mengine ya Uingereza.

Hakimu aliyepewa mkasi peke yake ataona uzi wa kukata kila mahali. Kilichobadilika London ni vifaa vilivyowekwa mezani pake.

Vilivyomo mjini tayari

Lubumbashi haihitaji kuiga mitambo ya London ya vipimo. Mahakama ya watoto ipo. DIVAS ipo, kituo cha Joseph Guislain kipo, Bakanja ipo, na mashefu wa avenyu wanajua mlango wa kila nyumba. Sheria ya 2009 inaruhusu mtoto akae kwa ndugu kwa amri inayojulikana na hakimu, na Sheria ya Familia inaruhusu kuondoa sehemu ya mamlaka pasipo kuyaondoa yote.

Ukiunganisha hayo, hukumu ya kati inawezekana. Mtoto anakabidhiwa shangazi au bibi kwa karatasi inayotambuliwa na shule na hospitali. Mzazi anapelekwa kwa daktari, na taarifa ya daktari inarudi kwenye faili. Mjomba anaitwa kikaoni kama shahidi na kama mdhamini. Afisa wa ustawi anatembelea nyumba zote mbili, ya mzazi na ya mlezi. Tarehe ya kikao kijacho inaandikwa siku hiyo hiyo. Mzazi asipoonekana mara kwa mara, au mtoto akiumizwa, hakimu ana ushahidi wa kutosha kumvua mamlaka yote bila kubahatisha.

Gharama ya mpango huo ni ndogo, lakini ipo: nauli ya afisa kutoka mjini hadi Ruashi, dawa za wiki za kwanza za kuacha pombe, kiasi fulani kwa bibi anayeongezewa mdomo wa kulisha. Huduma hizo zikiachwa kwa wafadhili na mapadri, zitakuwepo tu mwaka ambao ufadhili upo.

Mkoa wenyewe unakaa juu ya shaba na kobalti. Sheria ya Madini iliyorekebishwa Machi 2018 inagawa mrabaha hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa mkoa, 15 kwa komini au sekta ambako machimbo yapo, na 10 kwa mfuko wa madini wa vizazi vijavyo. Bunge la mkoa hupigia kura edikti, yaani sheria ya mkoa, ya bajeti kila mwaka, na wabunge wanaotoka komini za Lubumbashi za Katuba, Kenya na Ruashi wamo ndani ya ukumbi huo. Mstari wa kutafuta kwenye majedwali ya edikti ijayo ni ule wa Masuala ya Kijamii: umepewa kiasi gani, na kati ya hicho ni kiasi gani kitakachofika kwa maafisa wanaogonga milango.